Rangi za kuhimili petroli na dizeli katika vyombo vya mwambao wa Burgao

Katika mwambao wa Burgao, kati ya Ras Kamboni na Kismayo, chombo kimoja huweza kubeba unga, sukari, abiria na madumu ya mafuta kwa safari moja. Dumu likivuja, petroli hulainisha rangi, hupenya kwenye ubao na kutuama ngamani. Hasara huwa mbili: mvuke unaongoja cheche, na magunia yenye harufu ambayo mnunuzi atayakataa. Makala haya yanaeleza rangi ipi inahimili mafuta, ipakwe wapi na gharama yake ihesabiwe vipi.

Aina tatu za rangi

Rangi za selulosi na akriliki, zikiwemo nyingi za kopo la kupuliza, hukauka kwa tina kuondoka tu. Kwa kuwa tina iliziyeyusha mwanzo, huweza kuziyeyusha tena. Zisitumike karibu na tangi.

Rangi ya mafuta ya kawaida hukauka kwa kuvuta hewa. Ni rahisi kupatikana na hustahimili tone la dizeli likifutwa mapema. Petroli ikikaa juu yake, hulainika, hukunjamana na kubanduka.

Rangi za makopo mawili, yaani rangi na kigumishi chake, hukazwa na kemikali zinazoungana. Zikishakomaa, petroli haiziyeyushi kwa urahisi. Epoksi hushika vizuri na huzuia mafuta, lakini jua huifanya itoe unga. Poliuretani ya makopo mawili hustahimili jua na mafuta pia. Kwa hiyo juu ya sitaha, mpango mzuri ni epoksi chini na poliuretani juu.

Deheni na sifa, ambazo mafundi wetu wamezitumia tangu zamani, zina kazi yake ya kulinda mbao dhidi ya maji na wadudu. Si kinga ya petroli.

Wapi upake nini

Boti ya faiba: paka makopo mawili mahali pa tangi, madumu na injini. Sehemu nyingine zaweza kubaki na rangi ya kawaida.

Mashua ya mbao: mbao huvimba na kusinyaa, hivyo rangi ngumu hupasuka kwenye maungio na mafuta hupita hapo. Usitegemee rangi peke yake. Weka trei ya faiba au ya chuma chini ya madumu, itakayokusanya kilichovuja ili kifutwe.

Tangi la chuma: paka nje tu. Rangi ya kawaida ndani ya tangi hubanduka na kuziba chujio. Tangi la dizeli lisiwe la bati lililopakwa zinki, kwa sababu dizeli na zinki hufanya uchafu unaoziba chujio vilevile.

Hesabu ya gharama

Kosa la wengi ni kulinganisha bei ya kopo kwa kopo. Jumlisha bei ya rangi, tina, msasa, ujira wa fundi na mapato ya siku ambazo chombo kitalala pwani, kisha gawanya kwa miezi ambayo rangi itadumu. Rangi inayorudiwa kila msimu hulipiwa fundi na siku za kulala kila msimu. Rahisi ghali.

Kupaka

Usipake makopo mawili juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Tina yake kali huinyanyua. Ibandue yote. Osha mafuta kwanza, kisha ndipo upige msasa, la sivyo msasa utayasukuma ndani zaidi. Mbao iwe kavu. Anza umande ukishakauka, na umalize mapema kabla ya jioni. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo: kuongeza kigumishi ili rangi iwahi kukauka huiharibu.

Kukauka mkononi si kukomaa. Aghalabu rangi hizi huhitaji takriban siku 7 kabla ya kuguswa na mafuta. Kigumishi cha poliuretani huumiza mapafu, na kitambaa usoni hakisaidii. Tumia brashi mahali penye upepo, usipulize.

Jaribio kabla ya kununua nyingi

Paka kibao cha mbao ileile, ngoja siku 7. Weka juu yake kitambaa kilicholowa mafuta unayotumia, funika kwa kifuniko cha bati kwa saa moja, nje na mbali na moto. Kwaruza kwa ukucha. Rangi ikilainika au ikitoka kwenye kitambaa, haifai.

Kusafirisha rangi yenyewe

Nunua kopo zote mbili na tina yake kwa pamoja. Kigumishi kilichosahaulika Mombasa hakina mbadala ukiwa Burgao. Rangi inayowaka husafirishwa kama mzigo wa hatari, namba UN 1263, daraja la 3. Petroli ni UN 1203. Katika hati andika jina moja la bandari, kwani Burgao huandikwa pia Bur Gavo au Burgabo, na ramani za Waingereza ziliiita Port Durnford. Kabla ya kupakia, hakikisha kwa forodha na mamlaka za bandari za pande zote mbili kwamba safari imeruhusiwa.

Mwisho, rangi nzuri hukupa muda wa kufuta mafuta yaliyomwagika. Dumu linalovuja bado ni la kubadilishwa.