David Evans na Buli la Utah

Buli hili jeupe lilinunuliwa dukani Salt Lake City kwa ajili ya chai tu. Mwaka 1975 mtafiti Martin Newell alilichora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha akaingiza vipimo vyake kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Utah. Mdomo uliopinda, mkono wenye tundu, kifuniko, kivuli kinacholiangukia lenyewe: kipimo kizuri kwa programu yoyote ya picha. Ukilinganisha, hili halisi ni refu kuliko lile la kwenye skrini.

Aliyewezesha kazi hiyo ni Profesa David Evans (1924–1998), mzaliwa wa mji huohuo. Alikuwa ameshatengeneza kompyuta katika kampuni ya Bendix na kufundisha Berkeley. Utah ilipomwita mwaka 1965 aanzishe masomo ya kompyuta, hakutaka kugusa kila kitu. Alichagua picha, fani ambayo wengi waliiona mchezo, na fedha zikatoka ARPA, shirika la Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Mwaka 1968 alimpata Ivan Sutherland kutoka Harvard, wakaanzisha kampuni ya Evans & Sutherland. Mashine zao ziliwafunza marubani kutua bila kuondoka ardhini.

Hata hivyo, mavuno yake makubwa ni wanafunzi. John Warnock alishiriki kuanzisha Adobe, Jim Clark akaanzisha Silicon Graphics. Ed Catmull, ambaye mwaka 1972 aliufinyanga mkono wake wa kushoto kwa plasta ili ausogeze kwenye skrini, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar.