Nyumba Ndogo Yenye Nafasi

Msomaji, ukifungua vitabu vya historia utakuta majumba ya wafalme yakisifiwa kwa ukubwa wake. Utaambiwa urefu wa kuta, idadi ya nguzo na wingi wa vyumba. Nyumba ndogo ni nadra kupewa ukurasa. Hata hivyo, watu wengi waliopata kuishi duniani waliishi katika nyumba ndogo, na elimu ya kuifanya nyumba ndogo imtoshe mwenyewe ni moja katika elimu kongwe za wanadamu. Nataka nikuonyeshe kuwa elimu hiyo ilikuwapo Ijara na kwa jirani zake tangu zamani, na kuwa bado ina kazi ya kufanya katika maisha yetu.

Ijara ni sehemu ya kusini ya Kaunti ya Garissa. Magharibi yake hupita Mto Tana. Kusini yake ni msitu wa Boni na mpaka wa Lamu. Nchi ni tambarare, na jicho la msafiri huenda mbali bila ya kuzuiwa na kilima. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, mabingwa wa kufuga ng'ombe. Na wamo pia Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni, waliojulikana tangu kale kwa uwindaji na urinaji wa asali. Katika nchi pana namna hii ungedhani kila mtu angejenga nyumba pana. Kwa nini basi nyumba ya mfugaji ilikuwa ndogo?

Jawabu ni mzigo. Mfugaji hufuata mvua na malisho, na nyumba yake sharti ihame pamoja naye. Kipimo cha nyumba yake, kwa hiyo, kilikuwa mgongo wa ngamia. Nyumba hiyo ambayo Wasomali huiita aqal ilijengwa kwa miti iliyopindwa kama upinde, ikafungwa kwa kamba, kisha ikafunikwa kwa mikeka. Waliojenga walikuwa wanawake. Bibi arusi alitengenezewa aqal na mama yake na jamaa zake wa kike, naye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mjuzi wa kuisimamisha na kuibomoa.

Tazama sasa akili iliyomo katika nyumba hiyo. Siku ya kuhama, mikeka iliyokuwa ukuta iligeuka kuwa matandiko juu ya mgongo wa ngamia, na miti iliyokuwa paa ikawa kiunzi cha kushikia mizigo. Karibu kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Ndani, vyombo vya maziwa vilitundikwa juu, chini pakabaki patupu. Mkeka mmoja uliosimamishwa katikati uliigawa nyumba sehemu mbili, ya kulala na ya kupokea wageni; ulipoondolewa, nyumba ikawa moja tena. Mama yule hakuongeza hata hatua moja ya ardhi, lakini alipata vyumba viwili mahali penye kimoja. Hilo ni somo la kwanza: kitu kisicho na kazi hakina haki ya kukaa ndani ya nyumba ndogo, na kitu chenye kazi mbili ni bora kuliko vitu viwili.

Tuvuke msitu wa Boni, tushuke pwani hadi mji wa Lamu. Hapo utakuta nyumba za mawe, nyingi katika hizo zikiwa za karne ya 18 na ya 19. Mwenye nyumba hizo hakuwa maskini, wala hakuhama. Hata hivyo vyumba vyake vilikuwa vyembamba, kwa kuwa naye alikuwa na kipimo chake asichoweza kukipita. Dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa zaidi ya upana wa futi 8 au 9 hivi. Chumba kingeweza kurefushwa apendavyo mwenyewe, lakini kupanuliwa hakikuweza. Kipimo hicho kilisafiri mbali kwa majahazi: boriti za pwani yetu zilipelekwa Uarabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vilifuata urefu wa miti iliyokatwa katika mikoko ya Afrika.

Fundi wa Lamu alifanya nini ili chumba chembamba kisimkabe mtu roho? Kwanza, alikifungua. Vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine, vikielekea ua wa ndani ambao Waamu huuita kiwanda, nao huo ndio uliokuwa chemchemi ya mwanga na hewa. Baina ya vyumba vya mbele aliacha nafasi pana zilizofungwa kwa mapazia tu, ili aliyekaa uani aone mbali hadi ndani. Pili, kila chumba kilichofuata alikiinua kidogo kwa kidato, hata jicho likahisi safari. Tatu, alipaka kuta lipu nyeupe ya chokaa, maana rangi nyeupe huurudisha mwanga na rangi nyeusi huumeza. Nne, alichimba vidaka, yaani zidaka kwa lugha ya Waamu, ndani ya unene wa ukuta wenyewe, safu juu ya safu. Humo viliwekwa vyombo vya kauri na vitabu. Kabati husimama sakafuni ikala nafasi ya mtu; kidaka hukaa ukutani kikala nafasi ya jiwe. Somo la pili, basi, ni kuwa ukuta ubebe mzigo, ili sakafu iwe huru.

Mji wa Lamu uliandikwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001. Mafundi waliotengeneza upya nyumba zake walithibitisha jambo ambalo wazee walilijua: ukuta wa kale wa mawe na chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu uliomo hufungiwa ndani, na ukuta huoza polepole nyuma ya lipu nzuri. Weka neno hili moyoni, kwa maana tutalihitaji.

Usidhani kuwa hekima hii ni ya pwani na bara letu peke yake. Mbali sana, nchini Japani, mtawa mmoja aitwaye Kamo no Chomei aliandika mwaka 1212 habari za kibanda chake, chenye futi 10 kwa 10. Alikuwa ameona mji wa Kyoto ukiteketea kwa moto mwaka 1177, ukikumbwa na njaa mwaka 1181 na 1182, na ukitikiswa na tetemeko mwaka 1185. Majumba ya matajiri hayakuwaokoa wenyewe. Yeye akajenga kibanda cha kufunguliwa na kufungwa tena, ambacho mzigo wake wote ulitosha katika magari mawili ya kukokotwa. Humo aliweka rafu ya vitabu, vinanda vyake viwili na mahali pa kulala. Mwanamke wa Kisomali hakupata kusikia jina lake, wala yeye hakusikia habari za aqal; lakini wangalikutana wangaliafikiana. Na katika nchi ile ile, ilikuwa desturi ya vizazi vingi kukunja matandiko kila asubuhi na kuyaweka kabatini, ili chumba cha kulala usiku kiwe chumba cha kukaa mchana. Hilo ni somo la tatu: nyumba ndogo hupanuliwa upya kila siku kwa mkono wa mwenyewe.

Sasa turudi Ijara, kwa kuwa ndiko shida iliko. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati lenye mikunjo, tunaloliita mabati. Bati hilo likaenea duniani, na hatimaye likafika katika nchi ya mikeka. Historia nayo iliwasukuma watu chini yake. Katika vita vilivyoitwa vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, serikali iliwalazimisha wafugaji wengi wa Kaskazini Mashariki kukaa katika vijiji vilivyolindwa. Na Waaweer nao wakatolewa msituni katika miaka hiyo, wakawekwa vijijini. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, ng'ombe wakafa, na jamaa nyingi za kaskazini ya Kenya zikabaki bila ya kitu cha kufuata. Mtu aliyepoteza kundi hukimbilia mjini, na mjini hupata chumba. Aghalabu chumba hicho ni cha futi 10 kwa 10, sawa na kibanda cha yule mtawa.

Hapa ndipo kosa huingia. Aliyehamia mjini huona kuwa ujuzi wa bibi yake umekufa pamoja na ngamia. Hujaza chumba kitanda kikubwa, kabati, meza na masanduku, mpaka dirisha likazibwa na watoto wakakosa mahali pa kuandikia. Akipata fedha kidogo, au akiuza ng'ombe wa mwisho, hutamani kubomoa chumba cha kale na kujenga kikubwa. Kabla ya kumaliza, fedha huisha, na jamaa hubaki baina ya nyumba mbili zisizokalika.

Chukua basi chumba cha kale chenye kuta za udongo na paa la mabati, ukitengeneze kwa masomo tuliyoyapata. Anza kwa kutoa kila kitu nje, kwa maana kazi hii ni bure. Rudisha tu kile chenye kazi. Usikisimamishe mbele ya dirisha. Ziba nyufa kwa udongo mzuri, usizibe kwa saruji, kwa kuwa saruji na udongo havitembei pamoja wakati wa jua na wa mvua, nayo lipu hubanduka. Kisha paka chokaa nyeupe ndani. Toboa matundu ya hewa juu, karibu na paa, maana hewa ya moto hupanda, nayo ikikosa mlango wa kutokea huwarudia walio chini. Tandaza mikeka chini ya mabati ukifuata mteremko wa paa, usiifunge tambarare kama dari, ili upunguze joto na usipoteze kimo. Piga rafu ukutani juu ya kichwa cha mtu. Matandiko yakunjwe asubuhi. Mkeka au pazia ligawe chumba usiku na kuondolewa mchana. Mwisho, fagia mbele ya mlango na uweke kivuli cha fito na makuti, ili uwanja uwe chumba cha pili, kama kiwanda cha Lamu. Hesabu gharama yake: udongo, chokaa, mikeka, mbao chache na jasho. Hakuna ng'ombe wa kuuzwa.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Ufundi wa kupanga chumba hauwezi kugeuza udhalimu kuwa haki. Watu wanane wakilala katika chumba kimoja kilichofungwa, chokaa haitawatosha; kifua kikuu husafiri hewani, nacho hupenda sana mahali penye giza na msongamano. Nchi ina wajibu wa kuwapatia watu wake makao yafaayo, na waliotolewa makwao wana haki ya kukumbukwa. Sikuandika insha hii ili maskini aambiwe aridhike. Niliandika ili asidharau mali aliyo nayo tayari, ambayo haikufa kwa ukame wala haikuchukuliwa vitani.

Labda bibi yako angali hai, naye aliwahi kusimamisha aqal kwa mikono yake. Likizo ijayo keti naye umwulize: mti gani ulipindika bila ya kuvunjika? Vyombo vilitundikwa wapi? Nani alilala upande upi? Yaandike majawabu yake daftarini, kwa maana ni historia, na shahidi wake hakai milele. Kisha inuka, utazame chumba chenu kwa macho yake. Nadhani utaanza kwa kusogeza sanduku lililozuia dirisha.