Kituo, Rubani na Ndege: Msamiati wa Angani Ulikotoka

Wakiulizwa sajili ya uwanja wa ndege katika isimujamii, Karatasi ya Pili, watahiniwa wengi huanza na Kiingereza vichwani kisha hukitafsiri neno kwa neno. Ndipo tunaposahihisha "kikomo cha abiria" na mengine ya aina hiyo. Tatizo hili ni la kihistoria, na Kisumu ni mfano mzuri wa kulieleza darasani.

Neno "terminal" lina asili ya Kilatini, lenye maana ya mpaka au mwisho. Waingereza walilitumia katika reli kabla ya kulipandisha angani. Katika reli lilistahili. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ufuoni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Reli ikakomea hapo; aliyekuwa akienda Uganda alipanda meli.

Ndege je? Mnamo Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu. Kutoka Khartoum zilitumiwa ndege zenye kiwiliwili cha mashua, zilizotua majini. Mwaka wa 1932 njia ilifikishwa Cape Town. Kwa ndege hizo, Kisumu palikuwa mahali pa kutua na kuendelea.

Kitenzi hicho, tua, ndicho ufunguo. Mpagazi hutua mzigo, kunguru hutua mtini, na kutokana nacho tukapata kituo. Kwa hiyo "kituo cha abiria" ni istilahi iliyokomaa. Watanzania nao walipofungua jengo jipya katika uwanja wa Dar es Salaam mwaka wa 2019, waliliita Jengo la Tatu la Abiria. Hakuna mwisho wala kifo hapo. (Kiingereza hutumia neno lilo hilo kwa ugonjwa usiopona; abiria mwoga ana haki ya kushtuka.) Vivyo hivyo, "wito wa mwisho" husikika kama tanzia, "wito wa kupanda ndege" unatosha.

Kiswahili kilikopa kutoka baharini pia. Rubani alikuwa mwelekezi wa chombo majini, na abiria anatokana na kuabiri, kusafiri kwa chombo. Nahodha alibaki melini, na kapteni ni cheo cha jeshi. Mtahiniwa asiwapandishe ndege.

Neno ndege lenyewe lina mtego katika eneo letu. Katika Dholuo, kiumbe wa mtini ni winyo, na ndege likaazimwa kutoka Kiswahili kwa ajili ya chombo tu. Katika Kiswahili, neno moja hubeba maana zote mbili, na upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha: ndege ametua mtini, ndege imetua Kisumu. Mwanafunzi akiandika "ndege ya abiria ametua", atapoteza alama hata kama msamiati wake wote ni sahihi.