Mishamo: Makazi Yaliyojengwa kwa Magurudumu

Magharibi mwa Tanzania, reli kutoka Kaliua huishia Mpanda na haifiki Mishamo. Kwa hiyo, makazi ya wakimbizi ya Mishamo yalipofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini kwao, barabara ya vumbi ndiyo iliyobeba mzigo. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi Tanganyika, TCRS, lilishirikiana na serikali ya Tanzania na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, kupasua msitu wa miombo, kupima mashamba na kupanga vijiji 16. Mwaka 1985 serikali ilikabidhiwa makazi hayo.

Kazi kama hiyo haiendi bila injini, na injini haidumu bila fundi. Historia huwakumbuka waliotia saini mikataba. Mafundi wa gereji wanastahili nafasi yao pia.

Kwa mafundi hao, vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa wa injini. Lina chembe za mchanga zinazokwaruza silinda na ringi, ndiyo maana chujio la hewa hukaguliwa mapema kuliko barabara ya lami inavyodai. Oili ya dizeli huwa nyeusi haraka kwa sababu hubeba masizi. Weusi peke yake si ugonjwa, hivyo oili haibadilishwi kwa kukisia rangi, bali kwa kilomita au saa za kazi. Maji matupu kwenye rejeta huleta kutu ndani ya injini.

Leo Mishamo imo mkoani Katavi, uliozaliwa 2012. Mwenye gari huko apime oili asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa pahali tambarare, na asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto.