Usafishaji wa glaikoli iliyotumika
Glaikoli iliyotumika ni kimiminika kilichokwisha kunyonya maji ya gesi asilia. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Gesi ya namna hiyo lazima ikaushwe kwanza, kwani maji hula chuma cha bomba. Kuchemsha glaikoli ya trietilini kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi hufukuza maji, lakini huko si kuisafisha. Chumvi iliyoingia pamoja na maji haitoki na mvuke. Hubaki na kugandamana kwenye mirija ya moto kama utando wa chokaa ndani ya birika. Hapo joto hupanda, na kwenye nyuzi 206 hivi glaikoli yenyewe huanza kuvunjika. Dawa ni kuichuja, kuipitisha kwenye mkaa amilifu unaonasa mafuta, kisha kuikeneka katika ombwe, ambamo huchemka kwa joto dogo na kuacha chumvi chini. Wapo watakaosema kununua mpya ni nafuu. Pengine, kwa mtambo mdogo; ila pipa la zamani bado litataka pa kwenda, na Songo Songo ni kisiwa cha wavuvi.