Mabingwa Waliopigwa Mara Saba

Wasee, leo siongelei Arsenal, tulieni. Naongelea mpira wa Wamarekani, ule wenye umbo la yai. Ukimwonyesha mtu hapa Nanyuki anakuuliza, "Si hiyo ni raga ya wale masoja wa Uingereza?" Hapana, sio raga. Na nina sababu ya kuileta hapa: ndani ya hii stori kuna jina ambalo ukivuka tu Busia, kila mtu analijua. Kiwanuka.

Wacha nianze na babu. Benedicto Kiwanuka alikuwa wakili na kiongozi wa Democratic Party. Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa hata miezi miwili. Uchaguzi wa Aprili ukamtoa, akaingia Milton Obote, na uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba ni Obote aliyekuwa kwa kiti. Mwaka 1971 Idi Amin akamfanya Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Amin wakamchukua kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, kukiwa mchana kweupe. Aliuawa, na familia haikupata mwili wa kuzika.

Sasa ruka hadi Marekani. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa 1983 mjini Indianapolis, wazazi wakiwa wametoka Uganda. Jamaa akakua mkubwa, akacheza mpira chuoni Boston College, na 2006 New York Giants wakamchagua akiwa namba 32, wa mwisho kabisa kwa raundi ya kwanza.

Mwaka huo huo akafanya kosa ambalo mashabiki hawajasahau mpaka leo. Giants walikuwa wanaongoza Tennessee Titans 21–0, imebaki robo ya mwisho. Kiwanuka akamshika Vince Young, yule anayerusha mipira ya Titans. Mechi ilikuwa karibu kuisha. Halafu akamwachilia! Alidhani jamaa tayari ameshatupa mpira, akaogopa kupewa adhabu. Young akatoroka nao mbio. Titans wakashinda 24–21.

Novemba 2007 akavunjika mguu. Timu ikaendelea bila yeye hadi Super Bowl, ikawapiga New England Patriots 17–14, Patriots ambao walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Mabingwa wa dunia, na yeye yuko pembeni anapiga makofi. Mwaka 2010 shingo ikaharibika, msimu ukaishia kwa mechi tatu tu.

Ndio tunafika msimu wa 2011, ule ninaoupenda.

Giants walianza vizuri, 6–2. Halafu wakapigwa mara nne mfululizo, ikawa 6–6. Mechi iliyofuata, ugenini kwa Dallas Cowboys, walikuwa nyuma kwa pointi 12, zimebaki dakika kama sita. Wakarudi, wakaongoza 37–34. Sekunde za mwisho Dallas wanapiga teke la kusawazisha, Jason Pierre-Paul anaruka, anaugusa mpira kwa mkono. Imeisha. Wiki iliyofuata wakapigwa tena na Washington. 7–7. Ungewauliza watu hapo, wangekuambia kocha Tom Coughlin afungashe virago.

Wakashinda mbili za mwisho. 9–7. Kundi lao lilikuwa dhaifu mwaka huo, kwa hivyo hizo tisa zikatosha kuongoza kundi na kuingia mtoano. Huko wakawalima Atlanta Falcons 24–2. Wakaenda kwa baridi ya Green Bay, kwa Packers walioshinda 15 na kupoteza 1, wakawafunga 37–20. Wakawatoa San Francisco 49ers 20–17 kwa muda wa ziada, baada ya mchezaji mmoja wa 49ers kuangusha mpira mara mbili.

Fainali ilikuwa tarehe 5 Februari 2012, dhidi ya Patriots tena. Na ilichezewa wapi? Indianapolis. Nyumbani kwa Kiwanuka. Safari hii hakuwa na magongo, alikuwa uwanjani. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, mimi nikiwa mtoto nimelala fofofo. Giants 21, Patriots 17. Kwa msimu wa mechi 16, hakuna timu ilikuwa imewahi kuchukua Super Bowl ikiwa na ushindi chini ya kumi.

Mbona nawaambia haya yote? Kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kila harusi na kila matanga naulizwa, "Sasa siku hizi uko wapi?" Najua hesabu yangu. Mimi ni 6–6, na hiyo ni nikijionea huruma.

Lakini sitawauzia ile hadithi ya "usikate tamaa, amini tu." Kuamini hakukuzuia lile teke la Dallas, ni mkono wa mtu. Bahati pia ilikuwepo, na mwenzako anaangusha mpira wewe unaokota. Na kubwa zaidi, kulikuwa na mlango. Kwa hesabu ya ligi, tulivyozoea, Packers wa 15–1 ndio mabingwa, stori imeisha Desemba. Wamarekani wana sheria inayosema: ukishafika mtoano, hakuna anayekuuliza ulipoteza ngapi.

Sisi huku tunaishi kiligi. Alama za kidato cha nne zinakufuata kama kivuli, mpaka kwa mahojiano ya kazi ukiwa na miaka thelathini. Msee akianguka mara moja, mtaa mzima unamfungia msimu. Mimi nadhani tunakosea, na nadhani tunapoteza watu wazuri sana hivyo.

Na ukidhani nasema maisha hulipa mwishoni, rudi kwa babu. Alikuwa na rekodi safi, akaibiwa mwisho wake. Mjukuu, aliyemwachilia Vince Young, akavunjika mguu, akaumia shingo, ndiye alichukua kombe katika mji aliozaliwa, jina la babu likiwa mgongoni mwa jezi.

Mama yangu haelewi huu mpira hata kidogo. Nilimwonyesha dakika za mwisho kwa simu, akaangalia, akauliza swali moja tu: "Huyo Kiwanuka ni wa kwetu?"

Nikamwambia ndio, mama. Wa kwetu kabisa.

Haya, niambieni: kombe mngempa nani, Packers au Giants?