Mkweli na Bahili

Kama umewahi kugusa mgongo wa amplifaya usiku wa harusi, baada ya saa tatu za muziki, unajua kwamba chombo kile kinachemka. Joto lile ni umeme uliolipiwa ambao haukugeuka sauti. Na historia ya amplifaya, kwa jinsi ninavyoielewa mimi niliyeishia kidato cha nne, ni historia ya watu waliopigana na lile joto huku wakiogopa kuiharibu sauti.

Maana ugumu uko hapo. Amplifaya inapewa wimbi dogo, nayo inatakiwa itoe kubwa lenye umbo lilelile. Ukitaka isiongope, iache inywe umeme muda wote, hata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Huo ndio mtindo ambao mafundi wanauita daraja A. Katika amplifaya ya namna hiyo, hata kwa hesabu za karatasini, nusu tu ya umeme ndiyo inayoweza kuwa wimbi, na kazini hupungua zaidi. Ukiibana, upande mmoja ushughulike na nusu ya wimbi na wa pili nusu iliyobaki, hesabu inapanda hadi asilimia 78. Hiyo ni daraja B. Lakini pale wanapopokezana ndipo inapozaliwa mikwaruzo. Basi mkweli ni mbadhirifu, na bahili ni mwongo!

Wa kwanza kupata dawa ya uongo alikuwa Harold Black, Mmarekani wa maabara za Bell. Simu za masafa marefu zilipita kwenye amplifaya nyingi zilizofuatana, kila moja ikiongeza uongo wake kidogo, hata mwisho wa njia sauti ikawa haieleweki. Black alihangaika na jambo hilo kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya Agosti 2, 1927, akiwa na miaka 29, alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, jibu likamjia. Akalichora papo hapo juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times.

Jibu lenyewe ni hili: chukua sehemu ya kinachotoka, kigeuze kinyume, kirudishe mlangoni. Ni kama mjumbe anayeitwa nyuma arudie alichokwenda kusema, na pale alipozidisha, anakatwa. Kwa njia hiyo amplifaya inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za kukuza, ila inabaki na ukweli. Wakubwa waliona ajabu mtu kujenga nguvu halafu akaitupa kwa makusudi. Aliomba hataza mwaka 1928, akaipata 1937. Miaka tisa!

Sasa mimi, ninayehangaika kuandika riwaya, naelewa kwa nini kila msimuliaji anakipenda kile kivuko. Kina mto, kina asubuhi, kina gazeti. Lakini linanikera jambo moja: dawa ya Black iliponya uongo, haikuponya njaa. Aliyeigusa njaa ni kijana mwingine wa maabara zilezile, William Doherty, naye hana kivuko. Ana makala ya mwaka 1936 tu.

Tatizo la Doherty lilikuwa mitambo ya redio. Wimbi la redio za wakati ule lilipanda na kushuka kufuata sauti ya mtangazaji. Akipaza sana, kilele kilihitaji nguvu mara nne ya zile za kawaida. Ikabidi valvu ziwe kubwa za kutosha kilele ambacho hutokea kwa nukta tu, na muda mwingine wote zikawa zinafanya kazi nusunusu, theluthi moja ya umeme ndiyo ikienda hewani. Hebu piga hesabu: kituo cha kilowati 50 kilikula 150 katika hatua ile ya mwisho, na 100 zikawa joto la kupozwa kwa maji. Mchana na usiku.

Doherty akagawa kazi. Valvu moja inavuta mzigo wa kawaida, na imepangwa ili huo wa kawaida ndio uwe ukomo wake, mahali inapofanya kazi vizuri kuliko kote. Ya pili inalala. Mpando ukija inaamka na kusukuma, kama msaidizi wa mkokoteni anayeshikilia kwa nyuma kwenye mlima tu. Ufanisi ukapanda hadi asilimia 60 na zaidi. Zile kilowati 150 zikawa 83 hivi. Mwaka 1938 kituo cha WHAS cha Louisville, Kentucky, kilikuwa na mtambo wa namna hiyo. Msaidizi haamki sawasawa kila mara, kwa hiyo mikwaruzo ilikuwepo, na ikasafishwa kwa ile dawa ya Black. Bahili alimhitaji mkweli.

Simu za mkononi za GSM zilitumia wimbi lisilopanda wala kushuka, hazikuwa na haja na Doherty. Zilipokuja 3G na 4G, zenye mawimbi mengi yanayobanana na vilele virefu vya mara mojamoja, ugonjwa wa mwaka 1936 ukarudi vilevile. Wahandisi wakafufua makala yake, sasa kwa transista, na kompyuta ikapewa kazi ya kuupinda wimbi mapema kinyume cha uongo unaotarajiwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki iko minara ambayo nguzo za umeme hazijaifikia. Inaendeshwa na jua au jenereta, na dizeli mtu anaipandisha mlimani kwa madumu. Juu kule, ndani ya masanduku mengi ya namna hiyo, ziko transista mbili. Moja inavuta, nyingine inasubiri mpando.